Posa ya Urubani

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila hatulitaji. Kujitaja jina mbele za watu ni kukosa haya, na kama kuna kitu sisi tumejaliwa, ni haya. Mgeni akifika mpakani akauliza hapa ni wapi, askari wetu huinamisha kichwa na kumjibu, "Ni hapa hapa tu, mgeni wetu." Wimbo wa taifa tunauimba midomo imefumbwa. Kwenye ramani za dunia mahali petu wameacha weupe, nasi tunaona umetupendeza.

Kwetu mtu hajiombei kitu. Kijana akitaka mke hutuma mshenga, kama inavyofanyika kwingine kote penye ustaarabu, lakini sisi tumekwenda mbele kidogo. Ukitaka sukari dukani, unatuma mshenga. Ukiumwa, mshenga ndiye anayemweleza daktari panapouma, wewe umekaa pembeni umeinamisha uso. Baba mkwe wangu aling'olewa jino zima kwa sababu mshenga wake alisahau upande. Alimshukuru daktari, akarudi nyumbani na lile bovu, na hadi leo anatajwa mashuleni kama mfano wa raia mwema.

Mimi ni Mjumbe wa Kukubali katika Kamati ya Taifa ya Kutafuta Rubani. Mwenyekiti wetu ni Mheshimiwa Shaweji, Waziri wa Haya na Usafiri wa Anga. Wapo pia wajumbe wa kutikisa kichwa, na yupo Mjumbe wa Kukohoa, anayetumika pale jambo zito linapotaka kutajwa kwa jina lake. Kazi yangu ni kusema "Naam" Mwenyekiti anapomaliza. Watu hudhani ni kazi nyepesi. Hawajui kwamba Mwenyekiti hamalizi.

Nchi ina ndege moja. Rubani wake, mzee wa kigeni aliyekuja nayo, alistaafu akarudi kwao, na tangu hapo ndege imekaa uwanjani. Kamati ya kumtafuta mrithi wake ilipoundwa ilikosa ofisi, ikapewa ndege. Viti vyake ni laini, na mbele ya kila mjumbe kuna kimeza cha kukunjua kinachotosha kikombe cha chai na sahani ya karanga. Kwa kukiheshimu chombo, hatufungui kikao mpaka kila mtu afunge mkanda. Humo ndani tumemtafuta rubani kwa bidii, miaka imepita, na wapo watu wenye midomo wanaosema kwamba siku tukimpata tutakosa pa kukaa. Maneno ya namna hiyo hunikera sana.

Wanaoumia, kama kweli wanaumia, ni watu wa Genge. Genge iko nyuma ya milima, na masika yakianza barabara yake inakatika. Zamani ndege ilikuwa ikiwafuata wagonjwa wao. Siku hizi mgonjwa wanambeba na kitanda chake, wanaume wanapokezana, wanashuka naye hadi bondeni. Wengine hufika. Watu wa Genge hawajatuma mshenga kulisemea jambo hili, kwa hiyo Kamati haina taarifa nalo.

*

Ndipo nchi moja rafiki ikatutia aibuni kwa kutupa tusichokiomba: nafasi moja ya kusomea urubani, gharama zote juu yao. Kapteni wao angekuja kumchagua mwanafunzi mwenyewe.

Mheshimiwa Shaweji aliwahutubia vijana wa taifa akiwa amesimama kwenye ngazi ya ndege, mgongo ameupa umati kama inavyotakiwa.

"Vijana," alisema, "urubani si kupaa. Hata punda atapaa mkimrusha. Urubani ni kujua kushusha! Kushusha macho, kushusha sauti, kushusha mabega. Anayeitaka nafasi hii, huyo hatufai. Tunamtafuta asiyeitaka, ila akipewa atavumilia."

"Naam," nilisema. Alikuwa hajamaliza. Aliendelea hadi jua likatuhamisha upande.

Siku ya posa ilipofika, waombaji waliketishwa viti vya nyuma vya ndege, nyuso chini, kila mmoja akichora zulia kwa kidole gumba cha mguu kama biharusi anayeulizwa habari za mume. Washenga walipita mbele mmoja mmoja. Kwa desturi yetu mshenga hamsifu mtu wake, humponda, na akimponda vizuri wasikilizaji wanaelewa.

"Kijana wangu hafai kwa lolote," alisema wa kwanza. "Hata baiskeli humkimbia."

"Mashaallah," alisema Mwenyekiti.

Akafuata Mzee Mbaruku wa Genge, mshenga wa siku nyingi, mtu aliyewahi kumwombea kijana asiye na kazi binti wa tajiri na akampata. Alikuwa amemleta mpwa wake, Siwema.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu."

"Tumekuja, ingawa hatuna tulilojia."

"Tumefurahi kwamba hamna mlilojia."

"Tumesikia kwenu kuna nafasi imekaa peke yake. Nasi kwetu kuna binti amekaa peke yake."

"Ana sifa gani?"

"Hana. Mzito wa akili. Akiona hesabu anasinzia."

Tulitikisa vichwa kwa furaha. Wote tulijua kwamba tangu mwalimu wa Genge aliposhindwa kuvuka mto, Siwema ndiye anayeifundisha shule nzima hesabu. Tulijua pia kwamba dada yake, Pili, alishikwa na uchungu wakati wa masika, akabebwa kitandani, na hakufika bondeni. Mzee Mbaruku hakuligusa hilo. Kumleta maiti kwenye posa ni kuomba kwa nguvu, na yeye alikuwa fundi wa kazi yake.

Wa mwisho alikuwa Hamduni, mpwa wa Waziri. Kwa kuwa mshenga wake alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa alifungua mkanda, akashuka ngazi, akapiga hodi akiwa chini.

"Karibu," tulisema.

"Mwenyewe yupo?"

"Ametoka kidogo."

"Nitamsubiri," alisema, akaingia, akaketi kwenye kiti chake na kujiuliza kijana ana sifa gani. Akahamia kiti cha jirani akajijibu kwamba kijana ni mvivu wa kupindukia. Akarudi kwenye kiti chake, akasikitika. Hamduni mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ufukweni na wenzake, na hakuwa na habari kwamba anaombewa kitu. Kamati haikuwahi kuona haya ya kiwango kile. Mjumbe mmoja alitokwa na machozi.

*

Kapteni Brita alifika keshoye, mama mrefu mwenye nywele za mvi na viatu vya kazi. Alimwomba mkalimani wetu, Bwana Tindwa, kiti. Alijiombea mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya wanaume. Tuliangalia pembeni hadi alipokwisha kukaa.

Akataka kuwauliza waombaji maswali, mmoja mmoja, bila washenga kuwasemea. Mwenyekiti alimweleza kwamba jambo hilo kwetu halipo. Yeye akaeleza kwamba kwao ndilo lililopo, na kwamba nafasi ni yao. Mjumbe wa Kukohoa akakohoa, na mambo yakaendelea.

"Mwulize kama anapenda kurusha ndege," Kapteni alimwambia Bwana Tindwa, akimwonyesha kijana wa kwanza.

Kijana akachora zulia.

"Mbona hajibu?"

"Amejibu, mama. Kwetu mtu mwenye adabu akiulizwa akanyamaza, amekubali."

"Vizuri. Ana ugonjwa wa moyo?"

Kijana akanyamaza.

"Hm. Hulewa kabla ya kazi?"

Kijana akanyamaza zaidi, maana hilo lilikuwa swali la kuaibisha.

Kapteni akaenda kwa wa pili na wa tatu. Hadi mchana alikuwa amepata kundi la vijana wenye kupenda ndege, wenye maradhi ya moyo, walevi, ambao pia huanguka kifafa na huona vizuri mbali. Alipofika kwenye kiti kitupu cha Hamduni, Waziri alisisitiza kiulizwe. Kiti nacho kikakubali kila kitu.

Kapteni alivua miwani, akajisugua macho.

"Bwana Tindwa, hawa wote siwezi kuwachukua. Mwambie Mwenyekiti nitaipeleka nafasi kwa majirani zenu."

Mheshimiwa Shaweji alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme "Naam," sauti iliposikika kule nyuma.

"Mimi sijaulizwa."

Alikuwa Siwema, amesimama. Mjomba wake alimvuta nguo. Hakukaa.

"Una ugonjwa wa moyo?" aliuliza Kapteni.

"Sina."

Kikombe cha mtu kilianguka.

"Unakunywa pombe?"

"Sinywi. Sina kifafa. Naona mbali." Alikuwa ameinua uso, anamtazama yule mama machoni. "Dada yangu alikufa njiani kwa sababu ndege hii imekaa hapa. Nataka kuirusha. Mimi nataka."

Nimeishi miaka mingi, nimeona watu wakivunjiana heshima, lakini neno lile sikuwahi kulisikia likitamkwa na mtu mwenye akili timamu. Nataka! Mzee Mbaruku alivua kofia yake akajifunika uso nayo. Mwenyekiti akapiga kelele, "Mfunikeni! Mfunikeni mtoto wa watu!" na mjumbe mmoja akachomoa kitambaa cha kuegemea kichwa kitini akamtupia begani. Siwema alikitoa, akakikunja vizuri, akakirudisha.

Niseme kweli, niliona aibu. Nilitamani zulia lipasuke linimeze. Ajabu ni kwamba haikuwa aibu ya kumwonea yeye. Ilikuja nilipokumbuka jinsi tulivyotikisa vichwa jana yake, tukifurahi, huku tukijua habari za Pili. Nilijaribu kuiondoa, lakini ilikuwa imeshakaa.

Kapteni Brita alitugeukia.

"Ninyi wakubwa, mnamkubali huyu?"

Hakuna aliyejibu. Jibu lilikuwepo, lakini nani angelitoa? Kusema "hapana" ni kuonyesha kwamba wewe una unachokitaka. Mwenyekiti alikuwa amesimama mdomo wazi, na nchi nzima haina mshenga wa kumsemea Waziri wa Haya. Tukashusha macho. Vidole gumba vyetu, ndani ya viatu, vikaanza kuchora zulia vyenyewe.

Kapteni alisubiri. Kisha akamwuliza Bwana Tindwa, taratibu, kimya hiki kwenu ndiyo nini? Bwana Tindwa alitutazama kwa huruma nyingi. Alikuwa amelitafsiri neno hilo tangu asubuhi, mbele yetu sote.

"Wamekubali, mama," alisema.

*

Redio ya Taifa ilitangaza kwamba nchi imepata nafasi ya masomo kwa bahati mbaya na uchunguzi unaendelea. Hamduni alifanyiwa karamu ya kumpongeza kwa kujitoa kwa unyenyekevu. Alikula vizuri, na alipoulizwa aseme neno alisema, "Nimejitoa kwenye nini?" Ukumbi ukashangilia.

Mzee Mbaruku hakutumwa tena na mtu yeyote. Aliyekuwa akiwasemea watu wote alikosa hata wa kumsemea kwa muuza mafuta ya taa. Siku Siwema alipoondoka, ndugu hawakuja kumsindikiza. Palikuwa na mjomba peke yake, amebeba sanduku la mpwa wake, na kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Niliwaona kwa dirisha la duara, maana kikao kilikuwa kinaendelea. Nilitaka kumpungia mkono binti yule. Lakini Mwenyekiti alikuwa hajamaliza.

*

Alirudi mwaka uliofuata, masika yamekolea. Tulikuwa ndani ya ndege tukijadili kama rubani aliyekwisha kupatikana anaweza kuendelea kutafutwa, na Mwenyekiti alikuwa anaona inawezekana. Mlango ukafunguliwa. Siwema aliingia amevaa shati jeupe lenye mistari ya rubani mabegani, maji yakimtiririka.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba," tuliijibu sakafu.

"Nimepigiwa simu kutoka Genge. Kuna mama anajifungua tangu jana, na njia imekatika. Mafuta nimeshajaza. Naomba mshuke."

Alituomba. Kwa mdomo wake tena. Kumjibu mtu wa namna hiyo ni kumtia moyo, kwa hiyo tulinyamaza, tukategemea kwamba atapata haya na kuondoka. Alisimama pale akitutazama, na mvua inapiga bati la ndege. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Haya basi, mmekwisha kufunga mikanda," akaenda mbele akakaa kwenye usukani.

Ofisi yetu ilianza kutetemeka. Karanga zilimwagika. Nikaona uwanja unakimbia dirishani, halafu nikaona juu ya paa la Wizara, ambako kuna mabati mengi ya kutu kuliko nilivyodhani. Hatukupiga kelele, kwa kuwa hakuna aliyekuja na mshenga wa kumpigia. Mjumbe wa Kukohoa alikohoa, tena na tena, na safari hii haikusaidia. Mheshimiwa Shaweji alinishika mkono.

"Mwambie," alinong'ona, "mwambie kuna mtu hapa, si mimi, kuna mtu tu, angependa kushuka."

"Naam," nilisema, nikafumba macho.

Tulitua Genge kwenye kiwanja cha shule, tope likaruka hadi madirishani. Siwema akafungua mlango. Watu walikuwa wamesimama mvuani kandokando, na katikati yao kitanda cha kamba kimefunikwa turubai. Mwanamume mmoja alisogea. Alikuwa mwembamba, amelowa chapachapa, macho yake yako kwenye magurudumu.

"Karibuni, wakubwa. Mmetembea?"

"Tumepita tu," alijibu Mwenyekiti kutoka kitini, na sauti yake ya kiofisi ikamrudia. "Hali zenu? Hamna tatizo lolote hapa?"

"Hatuna, mheshimiwa. Wazima kabisa. Karibuni chai."

Chini ya turubai mtu alilia. Si kilio kikubwa, kilikuwa kimebanwa na meno. Papo hapo wanawake waliokizunguka kitanda wakaanza kutusalimia kwa sauti za juu, wote kwa pamoja, habari za safari, habari za mjini, habari za watoto, wakikifunika kilio kile tusije tukakisikia tukaona tunaombwa kitu.

"Na huyo kitandani?" aliuliza Siwema.

"Ni mke wangu," alisema yule mwanamume. "Amepumzika tu."

Hapo ndipo niliposhindwa. Nilikuwa nimewahi kuisikia haya ikisifiwa kwenye hotuba, shuleni, redioni, na mimi mwenyewe nimeisemea "Naam" sijui mara ngapi. Sikuwahi kuiona imesimama kwenye mvua, mkewe anakufa nyuma yake, inamkaribisha chai mtu aliyekalia kiti cha mgonjwa. Nilisikia joto limenipanda kutoka shingoni hadi masikioni. Siwema alikuwa mlangoni, anatutazama. Viti vyote vilikuwa vimejaa sisi.

Nikafungua mkanda.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Mheshimiwa.

"Nashuka."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

Nilisimama, nikaenda kukishika kitanda. Nyuma yangu nikasikia mikanda mingine ikifunguka, na Mjumbe wa Kukohoa akiteremka kimyakimya. Kitanda hakikupita mlangoni, tukamwinua mama yule kwa mikono tukamlaza kwenye viti, mama yake mzazi akamshika kichwa. Kwa kuwa Mwenyekiti hakuwa ameshuka, miguu ya mgonjwa ilimwangukia mapajani, miguu mitupu yenye tope na damu. Hakuweza kusema hataki, kwani hapakuwa na wa kumsemea. Aliinua mikono juu asije akagusa. Mgonjwa alipoanza kuteleza, niliona ile mikono ikishuka, pole pole, ikaishika miguu yake ikaizuia.

Ndipo wengine waliokuwa wamepumzika wakaanza kutoka majumbani. Mzee aliyevimba tumbo akiongozwa na mjukuu wake. Mwanamke aliyemfunga mtoto mgongoni, na kichwa cha mtoto kinalala upande. Hakuna aliyeomba. Walisogea tu karibu na mlango, wakasimama wakitazama chini, na Siwema akawapandisha mmoja mmoja mpaka nafasi zikaisha. Yule mwanamume mwembamba alikuwa mguu mmoja ndani alipomwona yule mtoto. Akashuka akampisha.

Ndege iliondoka. Tulibaki kiwanjani, Kamati nzima bila mwenyekiti, suti zimetugandia mwilini, tukiinua vichwa hadi ikaingia mawinguni. Yule mwanamume alisimama pembeni yangu. Nilitafuta neno la kumwambia, na katika yote niliyowahi kuyakubali maishani sikupata hata moja.

Yeye ndiye aliyeanza. Alivua koti lake lililolowa akanitandikia juu ya jiwe nipate pa kukaa.

"Tusamehe, mheshimiwa," alisema. "Tumekusumbua."

Nikakosa pa kuuweka uso wangu.